Simba Amemwangusha Mzee Hajji, na Sasa Sijui Nimfanye Nini

Shangazi mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na jamaa zako. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami ningekuandikia, tena kwa sababu ya mbwa. Nakuomba usione kwamba nakupotezea wakati, kwa maana jambo hili limeingia mpaka ndani ya ndoa yangu, limenigombanisha na majirani, na kila usiku nalala nalo.

Nina umri wa miaka 36, ni mama wa watoto wawili, na tunaishi viungani mwa Jinja. Mume wangu hufanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo usiku mwingi mimi na watoto hubaki peke yetu. Mwaka juzi wezi walikata vyuma vya dirisha tukiwa tumelala, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na hata sufuria iliyokuwa na chakula. Hawakutugusa, namshukuru Mungu, lakini tangu usiku ule kila paka aliporuka juu ya mabati nilikuwa naketi kitandani mpaka kunapambazuka. Shemeji yangu anayelima Kamuli ndiye aliyetushauri tufuge mbwa. Tulinunua dume wa German Shepherd mwenye wiki nane kutoka kwa mtu anayezalisha mbwa Kampala, na binti yetu, ambaye sasa ana miaka tisa, akampa jina Simba.

Mimi sikuwahi kulea mbwa. Kwetu Tororo mbwa walikuwepo, lakini walizunguka boma wenyewe na hakuna aliyewahi kuwafunga kamba akaenda nao barabarani. Kwa hiyo tulifanya kama tulivyoona wengine mtaani wakifanya: mchana Simba alifungiwa kibandani, usiku alifunguliwa. Kijana aliyekuwa akitulindia lango alituambia kwamba mbwa akizoea watu hana faida tena, na akawa anachanganya pilipili kwenye posho yake ili awe mkali. Sikumkataza, kwa sababu nilidhani anajua kuliko mimi.

Simba alipofika miezi minane, binti yangu alianza kunilalamikia kwamba mbwa anazunguka ndani ya kibanda mchana kutwa mpaka amechimba njia kwenye udongo. Nilikwenda kumtazama nikaona ni kweli, na moyo ukaniuma. Nikanunua mnyororo, nikaanza kumtembeza asubuhi. Shangazi, tangu siku ya kwanza ilikuwa vita. Bodaboda ikipita anairukia. Watoto wa shule wakikimbia anabweka mpaka anakohoa kwa kunyongwa na mkanda wake wa shingoni. Mbwa wengine wakitokea anasimamisha manyoya ya mgongo na kunivuta mpaka viganja vyangu vinachubuka. Watu wakawa wanatukimbia, wengine wakiokota mawe kabla hatujawafikia. Tulimlipa mtu aliyejiita mkufunzi, akakaa naye wiki mbili, na aliporudi alikuwa analala chini kila mwanamume alipoinua mkono. Lakini barabarani alikuwa amezidi kuwa mbaya.

Nikaamua kutoka naye alfajiri, kabla watu hawajaamka. Wiki tatu zilizopita, saa kumi na moja na nusu, Mzee Hajji, jirani yetu ambaye huwafundisha watoto madrasa, alitokea kwenye kona akiwa na tochi, anakwenda kusali. Simba alimrukia kabla sijajua kuna mtu. Mnyororo ukaniponyoka. Mzee alianguka, kanzu ikapasuka, na akapata mchubuko kwenye mkono ambao hatukujua kama ni wa ukucha, wa jino au wa changarawe. Nilimwinua nikilia. Yeye hakunitukana. Alisema tu, "Binti yangu, sala imenipita," akageuka akarudi nyumbani kwake.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, aliitisha kikao. Niliomba radhi mbele ya watu na nikalipa kanzu. Waliniuliza kama mbwa amechanjwa, nikasema amechanjwa. Wakaniambia nimfungie ndani au nimwondoe. Tangu siku hiyo Simba hajatoka langoni, na nimesikia vijana wakisema kwamba dawa ya mbwa wa namna hii ni nyama yenye sumu.

Mume wangu anasema tumpeleke Kamuli kwa ndugu yake. Binti yangu ameacha kula vizuri, na juzi aliniambia neno ambalo bado linanichoma: "Mama, Simba hakukosa, sisi ndio hatukumfundisha." Mimi niko katikati. Nikimbakiza, nahofia mtoto wa mtu ataumia. Nikimfungia maisha yake yote, naona ni ukatili. Nikimpeleka, naona nimemtupa kiumbe niliyemharibu mwenyewe. Kuhusu chanjo, alichomwa mara moja akiwa na miezi mitatu, na ile ya mwaka uliofuata tulichelewa. Sasa ana mwaka mmoja na nusu.

Nifanyeje, Shangazi?

Mama Simba, Jinja

*

Mama Simba, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ningependa kwanza nikurudishie kile nilichokisikia ndani yake, ili kama nimekosea ujue nimekosea wapi. Uliingia kwenye ufugaji wa mbwa kupitia mlango wa hofu, kwa sababu wezi walikuwa wamekunyang'anya usingizi. Mbwa mwenyewe alilelewa kwa ajili ya hofu hiyohiyo. Kisha binti yako alikufungua macho, nawe kwa huruma ukajaribu kumpa mbwa maisha mapana zaidi kidogo, lakini bila mtu yeyote kukuonyesha namna. Sasa mzee wa watu ameanguka, mtaa umekukasirikia, na watu wawili unaowapenda nyumbani mwako wanavuta kamba kila mmoja upande wake. Huoni njia ambayo haimuumizi mtu.

Kabla sijagusa lolote kati ya hayo, niruhusu nianzie kwenye sentensi yako ya mwisho, ile ya chanjo, ambayo umeiandika upesi kama mtu anayevuka barabara kwa kukimbia. Kikao kilikuuliza kama mbwa amechanjwa, ukajibu ndiyo. Najua hukukusudia kudanganya, na najua jinsi ulimi unavyojibu wenyewe mbele ya watu wenye hasira. Hata hivyo, kwa kichaa cha mbwa neno hilo ni zito. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani, hadi asilimia 99 ya wagonjwa wake huambukizwa na mbwa, na karibu watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Majirani zako wanaookota mawe huenda hawazijui tarakimu hizi, lakini nchini kwetu wapo wengi waliomjua, au waliosikia habari za mtoto aliyekufa kwa ugonjwa huu. Hofu yao ina mizizi.

Habari ya kukutuliza ipo, nayo ni ya kweli. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipomgusa mtu huugua au hufa ndani ya siku 10 zinazofuata. Kwako zimepita wiki tatu na Simba yuko mzima, anakula na kunywa. Maana yake ni kwamba hatari ile mahususi, ya asubuhi ile, haipo tena juu ya Mzee Hajji. Lakini yeye halijui hilo. Pengine kila akiumwa kichwa anajiuliza. Ningekuwa mimi, ningempeleka Simba kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, achomwe chanjo iliyochelewa na kadi yake ijazwe. Kisha ningekwenda na kadi hiyo kwa Mzee na kwa mwenyekiti, nikasema waziwazi kwamba nilijibu kabla ya kukagua, kwamba chanjo ilikuwa imechelewa, na kwamba mbwa yuko mzima baada ya siku zote hizo. Mshauri pia Mzee akaonyeshe mkono wake kituo cha afya, nawe ubebe gharama, kwa sababu ni haki yake kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mganga na si kutoka kwa mwenye mbwa. Na mtu yeyote akija kuguswa na jino la mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende kituoni siku hiyohiyo, bila kusubiri.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo nalisema kwa sauti ya kukusukuma. Mengine yote ningependa tuyatazame pamoja taratibu.

Umeniandikia kana kwamba Simba ni mbwa mkali. Nakuuliza: una hakika? Mimi ninapokusoma namwona mbwa mwoga. Mbwa huwa na kipindi kifupi cha utotoni, takriban kuanzia wiki ya tatu mpaka kama wiki ya kumi na nne, ambapo akili yake iko wazi kupokea dunia: watu wa kila umbo, pikipiki, miavuli, kanzu, mabaiskeli yenye mikungu ya ndizi. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo hukihesabu kuwa kitu cha kawaida. Simba alikipitisha kipindi hicho kibandani. Alipotoka akiwa na miezi minane, kila kitu barabarani kilikuwa kigeni na kilikuwa kinamjia kwa kasi. Mbwa aliyefungwa mnyororo hawezi kukimbia, kwa hiyo hujaribu njia nyingine, ambayo ni kubweka na kuruka ili kile kitu kiondoke. Na bodaboda huondoka kila mara! Haikuwa na nia ya kusimama, lakini Simba hajui hilo. Yeye anaamini ameifukuza, na kesho hurudia kwa bidii zaidi. Pilipili haikumpa ukali wowote, ilimchoma tumbo tu. Na yule mkufunzi, ambaye bila shaka alimchapa, alimwongezea sababu ya kuogopa, kwa maana mbwa anayepigwa anapomwona mtoto hujifunza kwamba watoto huja pamoja na maumivu.

Sikuelezi haya ili ujilaumu. Karibu kila mtu katika mitaa yetu hufuga mbwa hivyo, na aliyekushauri alikushauri kwa kile alichokijua. Nakueleza kwa sababu mwoga na mkali hawafundishwi kwa njia moja, ingawa meno yao ni yaleyale, na aliyeangushwa na mwoga huumia sawasawa.

Kuna dhana ya pili ambayo ningependa uipime. Unaona kwamba kutotembezwa ni ukatili, na kwa hiyo ulilazimika kutoka naye hata wakati hukuweza kumdhibiti. Nadhani hapo huruma yako ilitangulia maandalizi yako. Barabara ni ya Mzee Hajji anayekwenda kusali na ya mtoto anayetumwa chumvi kabla haijawa ya mbwa wetu. Mwenye mbwa ndiye anayebeba mzigo wa kuhakikisha wengine wanapita kwa amani. Simba anaweza kupata maisha mapana ndani ya ua wako kwa miezi miwili au mitatu bila kukanyaga barabara. Mtoe kibandani mchana lango likiwa limefungwa kwa komeo. Chukua dagaa wakavu, wale mukene ambao bila shaka tayari unamchanganyia kwenye posho, uwatawanye kwenye majani, naye awatafute kwa pua. Dakika ishirini za kunusa humchosha mbwa kuliko wengi wanavyodhani. Hapo ndipo binti yako anapata kazi yake halali, ya kuficha dagaa na kumwita Simba kwa jina. Kamba ya barabarani asiishike, hata akilia. German Shepherd dume aliyekomaa hufikia kilo 30 hadi 40, na mtoto wa miaka tisa hawezi kumzuia. Huko nje, hilo si jambo la kumwachia mtoto.

Mafunzo yenyewe huanzia mbali, na neno hili "mbali" ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kila mbwa mwoga ana umbali ambao ndani yake anaweza kukiona kitu na bado akakusikia. Simama naye nyuma kabisa ya ua wako, mahali anapoweza kuona barabara kupitia uwazi wa lango. Bodaboda ikitokea, subiri aione, kisha mpe kipande kidogo cha maini yaliyochemshwa bila chumvi, na kingine, na kingine, mpaka ipite. Ikishapita, maini yanakwisha. Mpangilio huo usiugeuze: kwanza bodaboda, kisha maini. Ukitoa chakula kwanza, atakishuku chakula. Akikataa kula, au akila kwa kunyakua huku macho yakiwa yamekaza, ujue mko karibu mno. Rudi nyuma hatua kumi bila kumkemea. Baada ya siku nyingi utaona bodaboda inapita naye anageuza kichwa kukutazama wewe, kana kwamba anauliza maini yako wapi. Siku hiyo utakuwa umepata kitu ambacho fimbo haiwezi kumpa mtu. Ndipo unasogea mbele hatua mbili, si ishirini.

Wakati huohuo jifunze kumsoma. Wengi hudhani mkia ukitikisika mbwa amefurahi, lakini mkia ulioinuliwa juu na kutikisika kwa ukakamavu unaweza kutangulia kuuma. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayelamba pua bila chakula, anayegeuza uso pembeni, anayegandisha mwili ghafla, anakueleza kwamba anaelemewa. Akinguruma usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kunyamaza huuma bila onyo.

Na vifaa. Mnyororo wa chuma huumiza mikono na huponyoka, kama ulivyoona. Tafuta kamba ya kitambaa kigumu yenye urefu wa kama mita mbili, uishike kwa mikono miwili bila kuizungusha kwenye vidole, pamoja na mkanda wa kifuani badala ya ule unaomnyonga shingo. Zaidi ya hayo, ningekushauri ufikirie kikapu cha mdomo, ule wavu unaomwachia mbwa nafasi ya kuhema na kunywa maji, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema na jua letu halina mzaha. Usimvalishe kwa nguvu siku moja ukatoka naye. Paka mchuzi wa dagaa ndani yake, aingize pua mwenyewe, umpe, ukitoe. Siku nyingine hesabu mpaka tatu, siku nyingine mpaka kumi. Kwa wiki kadhaa atakipenda kama sahani yake. Majirani wakimwona Simba na kikapu mdomoni wataelewa bila hotuba kwamba umewafikiria.

Sasa Kamuli. Mume wako anazungumza kama mtu anayetaka amani kwa jirani, nami namheshimu kwa hilo. Usimsikilize kana kwamba anamchukia mbwa. Lakini muulizeni shemeji maswali kabla ya kumpakia Simba kwenye gari. Je, ana mbuzi na kuku? Mbwa anayerukia kila kinachokimbia atamla kuku wa kwanza siku ya kwanza, na shambani adhabu ya jambo hilo huwa panga. Je, ana ua, au Simba ataachiwa azurure mpaka kwenye njia ya watoto wa shule ya huko? Nani atamchanja mwaka ujao? Kuhamisha hatari kutoka Jinja mpaka Kamuli hakuipunguzi. Huiondoa tu mbele ya macho yetu. Kwa upande mwingine, kama shemeji ana boma lililozungushiwa ua, ana subira, na yuko tayari kufuata haya niliyokueleza, basi mahali penye bodaboda chache panaweza kumfaa mbwa huyu kuliko kwenu. Mbwa wengine hupumua vizuri zaidi mbali na kelele, na kumpeleka kwa namna hiyo hakutakuwa kumtupa.

Kumbakiza nako kuna gharama yake, nami nisingependa uichague njia hiyo kwa sababu ya machozi ya binti peke yake. Ni miezi ya kazi ya kila siku, na wewe ndiye utakayeifanya, kwa sababu mume yuko zamuni. Huenda Simba asiwe kamwe mbwa wa kupita naye sokoni. Aliyekosa utoto wake hurudishiwa sehemu tu. Ikiwa ataweza kupita barabarani usiku mtulivu akiwa na kikapu chake, hayo yatakuwa mafanikio makubwa. Na ikiwa baada ya miezi kadhaa ya juhudi ya kweli bado anawarukia watu, au akimuuma mtu, itabidi urudi kwa daktari wa mifugo mzungumze tena kwa uwazi, pamoja na yale yasiyopendeza. Muulize daktari huyo pia kama kuna maumivu yoyote, masikio au viungo, maana mbwa anayeumwa huwa na subira fupi. Kama yeye hazoei mambo ya tabia, chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere kina madaktari wa wanyama wadogo, na shirika la kulinda na kutunza wanyama la Uganda, USPCA, ambalo hupokea mbwa na paka waliotelekezwa, lina uzoefu wa mbwa waliokwisha kuogopa.

Njia ya tatu, ya kumfungia kibandani daima, naiona kuwa ndiyo ambayo watu huiita salama bila kuichunguza. Mbwa aliyefungiwa miaka hupata nguvu za kulipuka siku lango litakaposahauliwa wazi. Na kuhusu wale vijana wa sumu, mwambie mwenyekiti uliyoyasikia. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ila mimi ningetumaini zaidi ule utulivu wa watu walioona kadi ya chanjo na kikapu cha mdomo. Usiku mzoeze Simba kula chakula kutoka kwenye sahani yake pekee, na kagueni ua kabla ya kumfungua.

Nimemwacha Mzee Hajji mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Wewe unasema ulilipa kanzu. Yeye, kwa maneno yako mwenyewe, hakutaja kanzu, alitaja sala. Kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanaofuata madhehebu ya Shafi'i, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kabla mtu hajasimama kusali. Mzee aliyeamka gizani, akatia udhu, akatoka na tochi yake, alipotezewa kitu ambacho fedha haikirudishi. Huenda unadhani anawachukia mbwa. Mimi sioni hilo katika barua yako. Namwona mtu aliyeumizwa na bado akakuita binti yake. Usiende kumweleza kwamba Simba ni mwoga wala kumfundisha yaliyomo katika dini yake. Nenda na mume wako siku asiyokuwa zamuni, bila mbwa, mkiwa mmevaa vizuri, mkae kama mtakaribishwa, na mmuulize ni saa ngapi hupita na kwa njia gani, ili saa hizo Simba asionekane karibu na lango. Kisha msikilizeni. Pengine atasema mengi, pengine atanyamaza, na pengine atataka mbwa aondoke. Hata hilo anastahili kulisema huku akitazamwa usoni.

Binti yako alisema kwamba ninyi ndio hamkumfundisha. Ni neno la mtoto mwenye busara, lakini usiliache likae kifuani mwake kama deni. Mwambie kwamba kufundisha kunaanza sasa, kwamba huenda Simba akabaki na huenda akahamia Kamuli, na kwamba uamuzi huo utakuwa wenu watu wazima, si kosa lake. Mpe daftari aandike kila siku Simba alikuwa hatua ngapi kutoka langoni bodaboda ilipopita, na kama alikula maini au aliyakataa. Baada ya mwezi mmoja wewe na baba yake likalieni daftari hilo pamoja, na mkipenda, niandikieni mliyoyasoma humo.

Shangazi yako